Saratani huanzia kwenye jeni, lakini si kila mara hurithiwa

MTOTO anayezaliwa na kulelewa Naro Moru, kwenye mteremko wa magharibi wa Mlima Kenya, ana uwezekano mdogo mno wa kupatwa na uvimbe wa taya ujulikanao kama limfoma ya Burkitt. Mwenzake anayelelewa kando ya Ziwa Victoria, au katika vijiji vya Kilifi na Kwale huko pwani, yumo katika eneo ambamo saratani hiyo imekuwa miongoni mwa zile zinazowapata watoto kwa wingi zaidi. Watoto hao wawili wakipimwa siku ya kuzaliwa, kromosomu ya 8, ambayo ndiyo kiini cha ugonjwa huo, itaonekana nzima kwa mmoja kama ilivyo nzima kwa mwenzake. Hitilafu huja baadaye, nayo huanzia katika seli moja tu.

Jambo hilo lina uzito katika Nyeri na miji mingine inayouzunguka mlima, kama lilivyo kwingineko nchini, kwa sababu saratani bado ni ugonjwa wa kunong'onwa. Familia iliyowazika watu wawili au watatu kwa maradhi hayo huanza kutazamwa kama ukoo wenye damu mbaya. Wapo wanaohofia kuoa au kuolewa humo, na wapo wagonjwa wanaokaa kimya na uvimbe kwa miezi, wakiamini kwamba lililoandikwa katika damu halifutiki. Wanasayansi nao husema, na husema kweli, kwamba saratani ni ugonjwa wa jeni. Kauli hizo mbili husikika masikioni kama moja, ilhali zinatofautiana sana, na hakuna ugonjwa unaoidhihirisha tofauti yake vizuri zaidi kuliko huo uvimbe wa taya uliogunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Kanyagio na breki

Mwili wa mtu mzima una seli zinazokadiriwa kufikia trilioni 30. Katika kiini cha karibu kila seli mna jozi 23 za kromosomu, na juu yake zimepangwa jeni zipatazo 20,000 zinazotoa maagizo ya kuunda protini. Seli inapogawanyika hulazimika kunakili maagizo hayo yote, herufi kwa herufi, na herufi zenyewe ni takriban bilioni 6. Makosa hayakosi kutokea. Mengi hurekebishwa papo hapo, mengine huachwa mahali pasipodhuru, na mara nyingi seli iliyoharibika kupita kiasi hujiua yenyewe.

Balaa huzuka kosa linapoangukia jeni zinazosimamia mgawanyiko wa seli. Kuna zile zinazoiamuru seli igawanyike, na kuna zile zinazoizuia. Anayeijua barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki atauelewa mfano huu upesi: matatu ambayo kanyagio lake la mafuta limekwama chini bado inaweza kusimamishwa ikiwa breki ni nzima, na iliyopoteza breki bado inaweza kwenda polepole ikiwa dereva haongezi mafuta. Ajali huja vyote viwili vinapoharibika. Jeni iitwayo MYC ni mojawapo ya makanyagio. Ile iitwayo TP53 ni breki, na ndiyo inayoongoza kwa kuharibika katika saratani za wanadamu.

Kwa kuwa kosa moja halitoshi, saratani nyingi huhitaji miaka mingi kujijenga, na ndiyo sababu kuu ya kuwaandama zaidi wazee. Aidha, makosa hayo hutokea ndani ya seli ya matiti, ya umio au ya damu. Hayamo katika yai la mama wala mbegu ya baba, hivyo hayawezi kumfikia mtoto. Mgonjwa hufa nayo au hupona nayo, lakini hayarithishi.

Daktari mwenye jicho moja

Mnamo 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye Burkitt alimwona mtoto wa pili mwenye hali hiyo hiyo akiwa Jinja. Daktari huyu alikuwa amepoteza jicho moja utotoni, lakini aliona jambo ambalo wengi wenye macho mawili walilipita: kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo na wa figo, ambao kila mmoja ulipewa jina lake hospitalini, ulikuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958.

Kisha akataka kujua ugonjwa huo unaishia wapi. Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni kote barani, na Oktoba 1961 akafunga safari pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu aina ya Ford. Walisafiri kwa majuma 10 hadi Afrika Kusini na kurudi, umbali wa takriban kilomita 16,000, wakitembelea hospitali zaidi ya 50 na kuuliza kila mahali swali lile lile: je, mmewahi kumwona mtoto kama huyu?

Majibu yalipowekwa kwenye ramani, lilijitokeza pana la nchi lililokata katikati ya Afrika. Ndani ya ukanda huo mlikuwa na mapengo, na mapengo yenyewe yalikuwa milima na nyanda za juu. Katika Afrika Mashariki ugonjwa ulikuwa adimu katika sehemu zilizozidi futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi, juu ya usawa wa bahari. Kisumu, iliyo chini kidogo ya mita 1,200, ilikuwa ndani ya ukanda. Naro Moru, iliyo karibu mita 2,000, ilikuwa nje kabisa, pamoja na eneo lote la juu linaloukumbatia Mlima Kenya.

Kadiri Burkitt alivyosonga kusini, mbali na ikweta, ndivyo mpaka huo wa mwinuko ulivyoshuka. Alexander Haddow, wa taasisi ya utafiti wa virusi iliyokuwa Entebbe, aligundua kwamba kilichohesabika hasa kilikuwa joto na mvua, wala si urefu wa mlima wenyewe. Ugonjwa ulikoma pale baridi ilipozidi, na pale ukame ulipozidi. Kwa watu waliozoea kuishi na mbu, ramani hiyo haikuhitaji maelezo mengi.

Virusi vilivyookolewa na ukungu

Awali ilidhaniwa kwamba mbu walikuwa wakisambaza virusi vya saratani. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex jijini London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Waliafikiana kwamba vipande vya uvimbe vitasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili havikuonyesha lolote. Mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ililazimika kutua Manchester kwa sababu ya ukungu uliotanda London, na kilipofika maabara maji yake yalikuwa yamechafuka. Badala ya kukitupa kwa kudhani kimeoza, Epstein alikitazama kwa hadubini, akaona seli za saratani zikielea zikiwa hai. Zikaoteshwa maabarani, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba ndani yake mna virusi visivyowahi kuonekana. Hivyo ndivyo vilivyopata jina la Epstein-Barr, navyo ni vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hata hivyo, furaha hiyo ilizua kitendawili. Virusi hivyo havienezwi na mbu, bali na mate, na zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani huwa navyo wanapofikia utu uzima. Wakazi wa Naro Moru wanavyo kama wanavyo wakazi wa London na Kisumu. Utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1972 katika eneo la West Nile nchini Uganda, ambapo damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa na kuhifadhiwa, ulionyesha mwaka 1978 kwamba waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya virusi hivyo tangu kabla ya ugonjwa kujitokeza. Kwa hiyo virusi vilihusika, lakini havikuwa vikitenda peke yake.

Kromosomu zilizobadilishana mikia

Jibu la upande wa jeni lilianza kupatikana mwaka 1972, watafiti nchini Sweden walipotambua kwamba katika seli za uvimbe huo kromosomu ya 14 ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Miaka minne baadaye ilidhihirika kipande cha ziada kilikotoka: kilikuwa kimemeguka kutoka kromosomu ya 8. Kromosomu hizo mbili zilikuwa zimekatika na kuungwa vibaya, kila moja ikabeba mkia wa mwenzake. Mwaka 1982 ikabainika kwamba mahali pale palipokatika kromosomu ya 8 ndipo ilipokaa jeni ya MYC, lile kanyagio la mafuta.

Kwa nini ikatike pale, na kwa nini iungwe na ile ya 14? Limfoma ya Burkitt huanzia katika aina ya chembe nyeupe za damu ziitwazo seli B, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Jeni za kingamwili zimekaa hasa katika kromosomu za 14, 22 na 2. Ili mwili upate kingamwili zinazolingana na kila adui mpya, seli B zimeruhusiwa kufanya jambo ambalo seli nyingine hazithubutu: kuzikatakata jeni zao wenyewe kwa makusudi na kuziunga upya. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huitwa AID. Ni kisu kikali mno, na mara mojamoja hukata pasipostahili. Kikikata kando ya MYC, kipande hicho kinaweza kuungwa kwenye jeni za kingamwili, ambazo katika seli B huwa zinafanya kazi usiku na mchana. Tangu hapo MYC nayo haizimiki. Katika takriban wagonjwa wanane kati ya kumi kipande hicho hujiunga na kromosomu ya 14. Kwa waliosalia hujiunga na ile ya 22 au ya 2.

Hapo ndipo malaria inapoingia. Mmarekani Gilbert Dalldorf, aliyefanya utafiti Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni miongoni mwa waliotangulia kutoa hoja kwamba malaria yenyewe, wala si virusi vya mbu, ndiyo inayochora ile ramani ya Burkitt. Ilichukua miaka hamsini kujua inavyofanya hivyo. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2014 na 2015 zilionyesha kwamba vimelea vya malaria huchochea seli B kuongezeka na kuendelea kutumia AID kwa muda mrefu kupita kiasi. Mtoto anayeumwa malaria mara kwa mara tangu uchanga huwa na kisu hicho kikizunguka bila kupumzika. Virusi vya Epstein-Barr kwa upande wao husaidia seli iliyokatwa vibaya isijiue. Kisha breki nazo, mara nyingi TP53 ikiwamo, hulegea kwa makosa mengine ya baadaye. Ugonjwa huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi saba, na wavulana kuliko wasichana.

Baridi ya Naro Moru huvunja mnyororo huo mwanzoni kabisa. Vimelea vya malaria haviwezi kukomaa ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hivi za Selisiasi. Kisu cha AID kipo katika seli za mtoto wa mlimani pia, ila hakisukumwi kufanya kazi ya ziada.

Ushahidi kwamba tofauti ni ya mahali, wala si ya ukoo, ulipatikana mapema nchini Uganda. Wahamiaji waliotoka nyanda za juu zisizo na malaria, wakiwamo waliotoka Rwanda na Burundi, walipohamia maeneo ya chini karibu na Kampala waliupata ugonjwa kama wenyeji, isipokuwa waliupata wakiwa na umri mkubwa zaidi. Laiti kinga yao ingekuwa ya damu, wangehama nayo. Nchini Tanzania, watoto wa eneo la Mara Kaskazini waligawiwa dawa ya klorokwini kati ya 1977 na 1982 ili kuona kama uvimbe ungepungua. Ulipungua kweli, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa kutolewa, hivyo jaribio hilo haliwezi kuhesabiwa kuwa hukumu ya mwisho.

Ifahamike kwamba limfoma hii si marufuku mlimani. Ipo aina yake inayotokea kwa nadra kote duniani, hata kusikokuwa na malaria, na nyingine inayowapata watu wenye virusi vya Ukimwi. Zote zina lile lile kanyagio la MYC lililokwama.

Kinachorithiwa

Ni takriban saratani 5 hadi 10 katika kila 100 zinazotokana na kasoro ya jeni iliyorithiwa kutoka kwa mzazi. Mfano ulio wazi kabisa ni saratani ya jicho la mtoto iitwayo retinoblastoma, ambayo dalili yake ya kwanza huwa ni weupe unaong'aa ndani ya mboni, na pengine mzazi huuona kwanza kwenye picha. Mwaka 1971 Mmarekani Alfred Knudson alieleza kwamba jicho huhitaji kupoteza nakala zote mbili za breki moja. Mtoto aliyezaliwa na nakala moja mbovu anahitaji ajali moja tu, ndiyo maana huugua mapema na mara nyingi macho yote mawili. Aliyezaliwa na nakala zote nzima anahitaji ajali mbili katika seli moja, na kwa kawaida huugua jicho moja. Takriban wagonjwa wanne kati ya kumi wamo katika kundi la kwanza. Jeni hiyo, RB1, ilipatikana katika kromosomu ya 13 mwaka 1986. Zilifuata BRCA1 mwaka 1994 na BRCA2 mwaka 1995, ambazo kasoro zake za kurithiwa huongeza sana hatari ya saratani ya matiti na ya ovari.

Hata hapo, kinachorithiwa ni breki iliyolegea, wala si uvimbe. Dalili zinazofaa kumfanya daktari ashuku urithi ni saratani ya matiti kabla ya umri wa miaka 50, saratani ya matiti yote mawili, ya matiti na ovari katika upande mmoja wa ukoo, au ya matiti kwa mwanamume. Babu aliyefariki kwa saratani ya tezi dume akiwa na miaka 80, shangazi wa saratani ya mlango wa kizazi na mjomba aliyekuwa mvutaji wa sigara, hao ni watu watatu waliopatwa na ajali tatu tofauti. Kuwafanya kuwa laana moja ni kuwaonea wajukuu wao.

Mfano mwingine unaihusu Naro Moru moja kwa moja. Mwinuko uleule unaomnyima mbu joto humpa mkazi jua kali zaidi: miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, hata hewa inapokuwa baridi. Miale hiyo huunganisha kimakosa herufi jirani za DNA katika ngozi. Watu wengi wa mlimani hukingwa na rangi ya ngozi yao. Mtu mwenye ualbino amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili jeni isiyotengeneza rangi hiyo ipasavyo, mara nyingi ile iitwayo OCA2 katika Afrika Mashariki. Hakurithi saratani yoyote. Amekosa mwavuli tu, na kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta maalumu ya ngozi humrudishia sehemu kubwa ya mwavuli huo.

Saratani nyingine zinazowaandama watu wa eneo hili zina njia zake. Virusi vya HPV huingia katika seli za mlango wa kizazi na kutengeneza protini mbili zinazong'oa breki za seli, ile ya TP53 na ile ya RB1. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Moshi wa tumbaku huacha alama zake juu ya DNA ya mapafu. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema vinywaji vyenye moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio kwa kuuunguza kila siku na kuulazimisha kuunda seli mpya. Naro Moru maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi, lakini chai inayotolewa jikoni na kunywewa hapo hapo bado imeuvuka mpaka huo kwa mbali.

Julai 2019 Wakenya waliwapoteza kwa mwezi mmoja Bob Collymore, aliyeiongoza Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso, wote kwa saratani, na mjadala uliozuka uliizungumzia kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye sababu moja. Collymore aliugua saratani ya damu; Okoth, ya utumbo mpana. Jeni zinazoharibika katika magonjwa hayo mawili, mpangilio wake na matibabu yake ni tofauti.

Kasi inayoua na kuponya

Seli za limfoma ya Burkitt zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Meno ya mtoto hulegea, taya huvimba, jicho husukumwa nje au tumbo hujaa, yote kwa muda wa majuma machache. Wapo wanaong'olewa meno kwanza kwa kudhaniwa kwamba wana jipu, na siku hizo hazirudi.

Lakini kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake, kwa kuwa dawa nyingi za saratani huua seli zikiwa katika kugawanyika. Miaka ya 1960 Burkitt aliwatibu watoto jijini Kampala kwa dawa kama siklofosfamidi, na baadhi yao walipona kwa dozi chache tu, katika enzi ambayo saratani iliyosambaa mwilini ilihesabiwa kuwa kifo. Leo dawa kadhaa huchanganywa, na palipo na hospitali zenye vifaa watoto walio wengi hupona.

Uthibitisho hupatikana kwa kukata kipande cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini, ambapo seli nyeusi zilizosongamana huonekana zimetawanyikiwa na madoa meupe, mfano wa anga la usiku lenye nyota. Mtoto wa Naro Moru aliyepata kulelewa miaka kadhaa kwa nyanyake huko Busia au Homa Bay, akaugua malaria mara kwa mara, amebeba hatari ya huko hata baada ya kurudi mlimani. Daktari anayemchunguza kwa uvimbe wa taya anapaswa kuelezwa alikokulia, hata kama hakuna jamaa yake yeyote aliyewahi kuugua saratani.